Heshima Bila Pingu: Askari wa Farasi wa Arizona Mbele ya Bunge

Tarehe 23 Aprili 2002, Gavana Jane Dee Hull wa Arizona, Marekani, alitia saini sheria fupi iliyowatambua rasmi Arizona Rangers, kikosi cha watu wa kujitolea kilichorithi jina na beji ya askari wa farasi waliolinda jangwa la jimbo hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria hiyo haikutenga mshahara wala haikumfanya mwanachama yeyote kuwa polisi. Iliandika tu katika vitabu vya jimbo kwamba kikosi hicho kipo, na kwamba kazi yake ni kuvisaidia vyombo vya dola. Anayeisoma harakaharaka huiona kama pongezi. Lakini bunge kupongeza ni jambo moja, na bunge kutambua ni jambo jingine. Watunga sheria wa Arizona walilijua hilo vizuri, kwa sababu miaka 93 kabla ya hapo wenzao waliowatangulia walikuwa wamekivunja kikosi hichohicho kwa kura.

Mwaka 1901 Arizona haikuwa jimbo kamili. Ilikuwa eneo lililosimamiwa na Washington, lenye gavana aliyeteuliwa na rais na bunge dogo la wenyeji. Mpaka wake na Meksiko una urefu wa karibu kilomita 600, na kwa wezi wa mifugo ulikuwa mlango usio na komeo. Ng'ombe walioibwa usiku upande huu walikuwa wamekwisha kuuzwa upande wa pili kabla mwenyewe hajamaliza kuhesabu waliobaki. Sherifu naye mamlaka yake yaliishia kwenye mpaka wa kaunti yake. Wenye ranchi, kampuni za migodi na wakuu wa reli walimbana Gavana Nathan Oakes Murphy, na Machi 1901 bunge likapitisha sheria ya kuunda kikosi cha farasi chenye uwezo wa kukamata wahalifu popote ndani ya Arizona. Mfano ulichukuliwa kwa Texas Rangers, ambao historia yao ilikwisha kufika miongo kadhaa.

Kikosi chenyewe kilikuwa kidogo mno: kapteni mmoja, sajenti mmoja na askari 12. Kapteni alilipwa dola 120 kwa mwezi, sajenti 75, askari wa kawaida 55. Aliyetaka kazi alijiandikisha kwa mwaka mmoja na alikuja na farasi wake na tandiko lake mwenyewe. Sharti hilo la farasi wa mtu binafsi ni la kukumbukwa, kwa sababu halijatoka katika kazi hii mpaka leo.

Kapteni wa kwanza alikuwa Burton Mossman, aliyekuwa meneja wa Aztec Land and Cattle Company, kampuni ya ng'ombe ya kaskazini mwa Arizona ambayo watu waliiita Hashknife kutokana na chapa waliyopigwa mifugo wake. Mossman aliwajua wezi kwa kupambana nao akiwa ranchini, na aliweka makao ya kikosi Bisbee, mji wa shaba karibu na mpaka. Oktoba 1901, miezi michache tu baada ya kikosi kuanza, askari Carlos Tafolla aliuawa kwa risasi akiwafuatilia wezi wa mifugo katika milima ya mashariki.

Tukio lililompa Mossman jina ni kukamatwa kwa Augustín Chacón, jambazi aliyekwisha kuhukumiwa kunyongwa akatoroka jela. Mossman aliwatumia wahalifu wawili wa zamani kumnasa, akavuka mpaka, akamtia mbaroni ndani ya Meksiko Septemba 1902, wakati muda wake wa ukapteni ulikuwa umekwisha. Kisheria alikuwa mgeni mwenye bunduki katika nchi ya watu. Chacón alinyongwa Solomonville mwezi Novemba mwaka huo, na umma ulishangilia bila kuuliza ni mamlaka gani yaliyomfikisha pale.

Mwaka 1903 bunge lilipandisha idadi hadi watu 26, na askari wakaanza kuvaa nyota ya fedha yenye pembe tano. Kapteni sasa alikuwa Thomas Rynning, ambaye tayari alikuwa amehamishia makao katika mji mpya wa Douglas. Mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria ya saa nane za kazi kwa siku kwa wachimbaji wa chini ya ardhi. Kampuni za migodi zilipunguza saa zikapunguza na ujira, na wachimbaji wa Clifton na Morenci, wengi wao Wameksiko, wakagoma mwezi Juni. Rangers waliitwa kuwazuia. Kikosi kilichoundwa kufukuza wezi wa ng'ombe kikajikuta kimesimama kati ya mwajiri na wafanyakazi, kikiwa kimeelekeza bunduki kwa wafanyakazi.

Mambo yalizidi Juni 1906, wachimbaji walipogoma Cananea, katika mgodi wa Mmarekani William C. Greene huko Sonora. Rynning alikusanya watu wa kujitolea zaidi ya 250, akavuka nao mpaka, na Gavana Rafael Izábal wa Sonora akawaapisha kama watumishi wa muda ili uvamizi upate sura ya uhalali. Katika historia ya Meksiko, Cananea inahesabiwa miongoni mwa cheche za mapinduzi ya 1910. Si Arizona peke yake iliyopita njia hiyo. Pennsylvania iliunda polisi wa jimbo wa farasi kwa sheria ya 1905, baada ya mgomo mkubwa wa makaa ya mawe wa 1902, na haikuchukua muda wafanyakazi wakaanza kuwaita askari hao Kozaki, kama wapanda farasi wa mfalme wa Urusi.

Kilichokiua kikosi cha Arizona, hata hivyo, hakikuwa huruma kwa wagomaji. Kodi ya kukiendesha ililipwa na eneo zima, huku askari wengi wakikaa kusini-mashariki, na kaunti za kaskazini zililalamika kwamba zinalipia ulinzi zisiouona. Masherifu hawakupenda watu wa gavana kuingia katika kaunti zao na kuondoka na sifa. Halafu siasa: gavana alikuwa wa chama cha Republican, bunge lilikuwa mikononi mwa chama cha Democratic. Lilipopiga kura ya kukifuta kikosi, Gavana Joseph Kibbey alikataa kutia saini, na tarehe 15 Februari 1909 wabunge wakaipindua kura yake ya turufu. Kapteni wa mwisho, Harry Wheeler, aliambiwa awaondoe watu wake. Katika muda usiofika miaka minane, watu 107 walikuwa wamepita kikosini.

Kurudi kwa jina, bila mamlaka

Mwaka 1957 jina lilifufuliwa. Wazee wachache waliosalia kati ya wale 107 walishiriki katika kuanzisha chama cha kujitolea kilichoitwa tena Arizona Rangers. Kwa miaka 45 chama hicho kiliendesha shughuli zake bila sheria inayokitaja. Kilikuwa na sare, beji na vyeo, lakini mbele ya mwananchi asiyejua mambo ilikuwa vigumu kueleza hawa ni akina nani. Si polisi, ingawa wamevaa kama polisi. Si raia wa kawaida, ingawa hawalipwi.

Sheria ya 2002 ilijibu swali hilo kwa namna ya tahadhari. Rangers wa leo ni wasaidizi wa kiraia wasiolipwa, wanaofanya kazi kwa kuombwa na chombo cha dola na chini ya uongozi wake. Mwanachama akiwa zamu, aliye nyuma yake ni sherifu au mkuu wa polisi aliyemwita, na asipoitwa hana zamu. Kazi zenyewe hazina mbwembwe: kuongoza magari kwenye maonyesho na magwaride, kukaa langoni kwenye mikutano na sherehe, kushika doria mahali ambapo ofisi ya sherifu haina watu wa kutosha, kuchangisha fedha kwa ajili ya vijana. Wengi hufika kazini kwa gari. Farasi amebaki zaidi katika historia yao kuliko katika zamu zao, jambo ambalo wapenzi wa filamu za zamani huenda likawasikitisha, ila wazazi walioegesha gari nje ya uwanja wa shule halijawasumbua.

Majirani walipita njia zao. New Mexico iliunda polisi wa farasi mwaka 1905, ikawavunja 1921, na katika miaka ya 1930 wenye farasi walijikusanya upya kwa kujitolea. Kundi hilo, New Mexico Mounted Patrol, lina nafasi yake katika sheria za jimbo tangu 1941. Colorado nayo ilikuwa na Rangers tangu 1861. Gavana William Sweet aliwaondoa 1923 kwa sababu ya sifa yao mbaya katika migomo, gavana wa baadaye akawarudisha wakati wa mgomo wa makaa, na tarehe 21 Novemba 1927 wakawafyatulia risasi wagomaji katika mgodi wa Columbine, wakafa watu sita. Walipokusanyika tena mwaka 1941, walikuwa watu wa kujitolea tu. Ukiyaweka majimbo haya matatu pamoja, hadithi inafanana kiasi cha kutia shaka kwamba ni bahati: kikosi cha kulipwa kinaundwa kwa sheria, kinatumika kuvunja migomo, kinafutwa kwa siasa, kisha jina linarudi likiwa limevuliwa mamlaka.

Mgambo wa sherifu

Sambamba na vikosi vya jimbo kuna mkondo mwingine wa askari wa farasi, ambao ni mkubwa zaidi na wa zamani zaidi: mgambo wa sherifu, wanaoitwa posse. Asili yake ni Uingereza ya zama za kati, ambako sherifu aliweza kuwaita wanaume wa kaunti kumsaidia kufukuza wahalifu. Sheria ya Winchester ya 1285, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliwabana wenyeji kuitikia mbiu na kumfuata mwizi. Walowezi walivuka bahari na desturi hiyo. California iliiandika mwaka 1872 kwa ukali: raia aliyeitwa na ofisa akakataa bila sababu alitenda kosa, na adhabu ilikuwa faini ya hadi dola 1,000. Kifungu hicho kiliishi mpaka Septemba 2019, Gavana Gavin Newsom alipotia saini kukifuta. Tangu hapo anayemsaidia sherifu California anafanya hivyo kwa hiari.

Uzuri wa mgambo ni kwamba ni majirani. Ubaya wake ni huohuo. Sherifu anaweza kuwaapisha anaowataka, na anaowataka mara nyingi ni wanaofikiri kama yeye. Harry Wheeler, yuleyule kapteni wa mwisho wa Arizona Rangers, alikuwa sherifu wa Kaunti ya Cochise mwaka 1917 wachimbaji wa shaba walipogoma Bisbee. Alfajiri ya Julai 12 aliongoza karibu watu 2,000 aliowaapisha. Waliwatoa majumbani wachimbaji na wanaowaunga mkono, wapatao 1,200, wakawapakia kwenye mabehewa ya kusafirishia ng'ombe na kuwatupa katika jangwa la New Mexico. Tume iliyotumwa na Rais Woodrow Wilson ilisema kitendo hicho hakikuwa na msingi wa kisheria. Washitakiwa walifikishwa mahakama za shirikisho, lakini mwaka 1920, katika kesi iliyobeba jina la Wheeler mwenyewe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali ya shirikisho haina uwezo wa kuwashitaki. Ni kazi ya jimbo. Jimbo halikumtia hatiani mtu yeyote.

Tukio ambalo dunia inalikumbuka zaidi ni la Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965. Watu wapatao 600 waliokuwa wakidai haki ya Wamarekani weusi kupiga kura walivuka daraja la Edmund Pettus. Upande wa pili walisubiriwa na polisi wa jimbo pamoja na mgambo wa Sherifu Jim Clark, baadhi yao wakiwa juu ya farasi. Gesi ya machozi ilipopigwa na watu kuanza kukimbia, farasi waliingizwa katikati yao na walioanguka walipigwa virungu na mijeledi. Picha zilionyeshwa kwenye televisheni usiku huohuo. Tarehe 6 Agosti Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mwaka 2015, nusu karne baadaye, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutoa Nishani ya Dhahabu kwa walioandamana Selma. Hiyo nayo ni heshima ya bunge inayomhusu askari wa farasi wa kaunti, ingawa iliwaendea waliokanyagwa.

Mambo haya husaidia kueleza kwa nini mabunge ya leo ni mepesi kumsifu mgambo na mazito kumwongezea nguvu. Katika kaunti nyingi mgambo wa sherifu ni wa sherifu mwenyewe: yeye huwaapisha na kuwapangia kazi, na mwingine akichaguliwa anaweza kuubadili utaratibu wote. Kaunti ya Maricopa, yenye jiji la Phoenix, iliona hilo. Joe Arpaio, sherifu kuanzia 1993 hadi 2016, alikuza mgambo mkubwa na kuutumia hata katika operesheni zilizozua mabishano makali. Paul Penzone aliyemrithi Januari 2017 aliurithi na mgambo huo, na ilikuwa juu yake kuamua utumike vipi.

Kazi ambayo gari haliwezi

Kuna sababu ya kweli ya farasi kubaki katika kazi hii. Askari aliyeketi juu ya farasi wa kimo cha kawaida cha kazi ana macho karibu mita 2.4 kutoka ardhini. Anaona juu ya vichaka ambavyo anayetembea amezama ndani yake, na mikono yake iko huru kushika redio. Farasi mwenyewe huona karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Wenye uzoefu wa kutafuta waliopotea hujifunza kuyaangalia masikio yake: yakisimama na kuelekea upande mmoja, kuna kitu huko, awe ni mtoto aliyelala chini ya mti au ni swala tu. Bondeni ambako gari la magurudumu manne hukwama na ambako helikopta haioni chini ya majani, farasi hupita.

Farasi wa kazi hii hazaliwi nayo. Kwa asili ni mnyama wa kukimbia, na mazoezi yake yote ni kumfundisha asikimbie. Huanza na vitu vidogo uwanjani: turubai lililotandazwa chini analotakiwa kulikanyaga, mwavuli unaofunguliwa ghafla, bendera inayopeperushwa karibu na jicho, chupa tupu zinazogongana ndani ya mfuko. Baadaye huja moshi, fataki, mlio wa risasi baridi, na umati wa watu wanaompigia kelele huku wakisogea. Mpandaji naye hufundishwa kutovuta hatamu kwa hofu, maana hofu yake humfikia farasi kabla ya amri. Kwenye lami, kwato huvishwa viatu vyenye vishikio vya chuma kigumu ili asiteleze. Katika joto la Arizona, ambalo kiangazi hupita nyuzi 43 mara nyingi, farasi mmoja anaweza kunywa zaidi ya lita 40 za maji kwa siku, kwa hiyo msako wa siku mbili huhitaji lori la maji kabla ya kuhitaji kitu kingine.

Moto wa msituni umewaongezea mgambo kazi ya kuhamisha mifugo. Baada ya Kimbunga Katrina, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya 2006 inayozitaka serikali za majimbo na za mitaa kuweka wanyama wa nyumbani katika mipango yao ya kuhamisha watu. Sheria hiyo ilimlenga mbwa na paka. Farasi, mbuzi na ng'ombe hawamo katika tafsiri ya wanyama wa nyumbani inayotumiwa na mamlaka ya shirikisho ya maafa. Pengo hilo huzibwa na wenye trela na ujuzi wa kumpakia farasi aliyeingiwa na kiwewe, na katika kaunti nyingi za magharibi watu hao ndio mgambo wa farasi. Mwenye nyumba aliyeambiwa ana nusu saa ya kuondoka huwa hana msaada mwingine.

Huduma nyingine ni za furaha tupu. Kaunti ya Navajo, kaskazini mwa Arizona, ina mgambo uliochukua jina la Hashknife, ile kampuni ya ng'ombe aliyoiongoza Mossman. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mara moja kila mwaka, wapanda farasi wake huapishwa kubeba barua za posta ya Marekani kutoka mji wa Holbrook hadi Scottsdale, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia milima. Mpandaji mmoja humkabidhi mwenzake mfuko njiani farasi wakiwa mbioni. Barua hupigwa muhuri maalumu unaoonyesha kwamba zilisafiri kwa farasi, na watu hununua stempu na kujitumia barua wenyewe ili wabaki na bahasha. Mgambo wenyewe ni kundi la huduma la ofisi ya sherifu.

Karatasi ya pongezi na kifungu cha sheria

Bunge la jimbo likitaka kuwashukuru watu kama hao, mara nyingi hutumia azimio. Muundo wake haubadiliki: mfululizo wa aya, kila moja ikianza na neno la kueleza sababu, zikitaja mwaka wa kuanzishwa, idadi ya misako, magwaride na watoto waliofaidika, kisha aya ya mwisho inayosema kwa hiyo bunge linaazimia kuwapongeza. Siku ya kusomwa, wahusika hukaa kwenye roshani ya wageni wakiwa wamevaa kofia zao bora, mbunge wao huwataja, wanasimama, wanapigiwa makofi, wanakaa. Nakala yenye muhuri huwekwa kwenye fremu na kutundikwa ofisini kwa sherifu. Azimio la aina hii la nyumba moja ya bunge halihitaji saini ya gavana, halitoi fedha na halimlazimishi mtu. Texas, ambako bunge la kawaida hukaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, hupitisha maazimio ya pongezi kwa mafungu.

Bunge la Marekani lenyewe lilichoka nayo. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi liliweka kanuni ya kuzuia miswada ya kutenga siku au wiki za kumbukumbu, kwa kuwa ilikuwa ikila muda mwingi. Seneti haikujifunga hivyo: kwa maazimio yake yenyewe iliitambua Siku ya Farasi, Desemba 13, mwaka 2004, na Siku ya Mchunga Ng'ombe mwaka uliofuata.

Kifungu cha sheria hufanya kazi tofauti, na anayejitolea hujua thamani yake siku ya balaa. Sheria ya shirikisho ya 1976 kuhusu mafao ya maofisa wa usalama iliweka dola 50,000 kwa familia ya ofisa aliyefia kazini, na tafsiri yake ya ofisa inamgusa anayetumikia chombo cha umma kwa wadhifa rasmi, awe analipwa au halipwi. Kwa hiyo kuwa wa sherifu kikweli, kwa kiapo na orodha, kunaweza kuamua kama mjane atapata kitu. Sheria ya 1997 ya kuwalinda wanaojitolea huwakinga dhidi ya madai ya uzembe wa kawaida, lakini haimkingi aliyesababisha madhara akiendesha chombo ambacho jimbo linadai kiwe na leseni ya udereva au bima. Farasi hana leseni wala bima ya lazima, kwa hiyo mpandaji amebaki ndani ya kinga ambayo dereva wa gari la msako ameikosa. Watunga sheria hawakuwa na nia ya kuwapendelea wapanda farasi. Ndivyo tu maneno yalivyoangukia.

Majimbo yenyewe yameongeza ulinzi. Washington ilianza mwaka 1989 na sheria inayowakinga wanaoendesha shughuli za farasi dhidi ya madai ya mshiriki aliyeumia, na majimbo mengi, Arizona ikiwemo, yakafuata kwa namna zao. Upande wa mnyama mwenyewe, sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 ilifanya kumuumiza kwa makusudi mbwa au farasi wa chombo cha shirikisho kuwa kosa, na adhabu hufika kifungo cha miaka 10 akifa au akilemaa. Sheria ya Arizona nayo huhesabu mnyama wa kazi kuwa ni mbwa au farasi anayetumiwa na chombo cha dola na aliyefunzwa kazi hiyo, na kumuua au kumdhuru ni jinai.

Farasi wa mgambo anaingia katika tafsiri hizo kwa nusu mguu. Akiwa zamuni amepangwa na sherifu, mwendesha mashitaka ana hoja. Akiwa bandani kwake siku ya Jumanne, ni mali ya mtu binafsi kama ilivyokuwa kwa askari wa dola 55 mwaka 1901. Nyasi kavu za karibu kilo 10 kwa siku, mfua viatu anayekuja kila baada ya wiki sita hadi nane, daktari wa mifugo, trela na mafuta ya kulivuta, vyote hutoka mfukoni mwa mwenye farasi. Baadhi ya kaunti humrudishia mafuta. Akivunjika mguu kwenye msako, kama atalipwa au hatalipwa kunategemea makubaliano aliyotia saini na ofisi ya sherifu kabla ya kupakia farasi.